Mshahara wa Lesieli Mezani pa Kanisa

Siku Setaleki alipokuja kumwita Lesieli kazini, alikuja kama mtu aliyetumwa kuposa. Kiunoni alikuwa amejifunga mkeka wake wa heshima, ule wa kanisani na misibani, na kwapani alibeba shina zima la kava, mzizi wa kinywaji chetu cha heshima, na mikate miwili ya dukani. Mtu mwenye matrekta mawili na banda kubwa la maboga akaketi chini, kwenye mkeka uliochakaa wa mjane, akainamisha kichwa na kuomba radhi kwa kuja bila kutanguliza neno.

"Mama," alimwambia Bibi Ma'ata, mama mkwe wa Lesieli, aliyekuwa ameegemea ukuta na macho yake mabovu, "nimekuja kumwomba mkamwana wako. Maboga yameiva yote kwa mpigo, na meli ya Japani haimngoji mtu. Nataka mikono ya watu waaminifu, si hawa vijana wa kuvuta sigara nyuma ya banda."

"Mikono anayo," alisema bibi. "Mwulize mwenyewe."

"Na kuhusu malipo, dada Lesieli, hilo lisikutie wasiwasi. Sisi ni watu wa kanisa moja. Tutaelewana."

Sasa niambie wewe. Mtu kakuletea kava na mkate, kakaa chini mbele yako, kakuita dada mbele ya mkweo, halafu umwulize kwa wiki atakupa ngapi? Huku kwetu kisiwani Tongatapu ni afadhali umtemee mate. Lesieli alisema ahsante, akapokea mikate, na hivyo ndivyo alivyoingia kazini: bila bei, bila siku ya malipo, bila hata nusu ya karatasi. Wa mbali watamwita mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu, na adabu ikikutana na mjanja huwa na gharama kubwa kuliko ujinga.

Tena hela aliitaka sana, na aliitaka kwa jambo moja, misinale.

Kila mwaka, mavuno yakikaribia kwisha, kanisa letu hutenga siku ya kutoa. Nyumba zinaitwa moja moja. Kwaya inaimba, matarumbeta yanalia, mwenye nyumba anakwenda mezani chini ya mimbari na kuweka alichonacho. Kinahesabiwa, halafu mzee wa kanisa anasoma kwa sauti: nyumba ya fulani, kiasi fulani. Kwaya hainyamazi mpaka kiasi kisomwe. Watoto wanakariri kiasi cha kila nyumba kabla hawajakariri amri kumi, na shuleni wanataniana nacho mpaka mwaka unaofuata. Na mzee wa kanisa anayesoma, miaka mingi sasa, ni Setaleki huyo huyo mwenye maboga, kwa kuwa ana sauti nzuri.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameisoma nyumba ya marehemu Penisoni, mume wa Lesieli, aliyechukuliwa na ugonjwa wa sukari miezi michache kabla. Pa'anga ishirini. Enzi za uhai wake Penisoni hakuwa anakwenda mezani na chini ya mia tano. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Kanisa lilinyamaza kama nyumba yenye mgonjwa, mtu mmoja akakohoa, ikaitwa nyumba nyingine. Bibi Ma'ata hakusema neno njia nzima hadi nyumbani. Lesieli alijiapiza usiku ule kwamba maadamu yu hai, jina la Penisoni halitasomwa hivyo tena.

Basi kazi ilipokuja na kava mkononi, aliiona kama jibu la sala.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Boga linafika kutoka shambani na udongo wake. Unalifuta kwa kitambaa mpaka ling'ae, unakata kikonyo kiwe kifupi kisije kikachoma boga jirani, unaligeuza kutafuta jeraha, unalipima, unaliweka taratibu kwenye sanduku la mbao linalokufika kifuani. Mjapani hataki boga lenye mkwaruzo hata wa ukucha. Kutwa nzima wanainama na kuinuka, wanawake watano, na jioni mgongo unaita kila mfupa kwa jina lake. Wa pembeni ya Lesieli alikuwa Fane, mwanamke mnene mwenye mdomo wa wembe, ambaye alikuwa akiyasalimu maboga kama wachumba.

"Njoo mpenzi, nikuogeshe uende Japani," alikuwa akiliambia boga. "Ukifika niandikie. Umwambie Mjapani mimi niko tayari, sina mkwaruzo."

Jumamosi ya kwanza walijipanga mbele ya banda, wamenawa, wametulia. Setaleki alitoka, akawaombea dua ndefu nzuri, akawashukuru kwa moyo wao, kisha akamgawia kila mmoja gunia la maboga yaliyokataliwa.

"Mnunuzi bado hajatuma," alisema. "Lakini msiende nyumbani mikono mitupu."

"Nikifika dukani," alisema Fane, "nimwombe mwenye duka anikatie chenji ya boga?"

Wote walicheka, na Setaleki alicheka kuliko wote. Tena alikuwa mcheshi kweli, hilo tusimnyime. Jumamosi ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Kwa Lesieli walikula boga la kuchemsha, boga la tui, boga la kuokwa shimoni na mihogo, mpaka watoto wake wawili wakalibatiza jina. "Mama," waliuliza wakitoka shule, "leo tena tunakula mshahara?"

Alijaribu kuomba. Mara ya kwanza alikwenda kwa Setaleki saa ya chakula cha mchana, kosa lake mwenyewe, maana kabla hajafungua kinywa mke wa Setaleki alishamwekea sahani: majani ya magimbi yaliyofungwa na nyama ya kopo na tui zito, yameivia shimoni, moto moto. Akala. Alikuwa na njaa ya kitu chochote kisicho boga. Na ukishakula kwa mtu, mdomo wako una mafuta yake, utamdaije? Alishukuru, akaondoka.

Mara ya pili alimvizia bandani. Hakumaliza hata sentensi.

"Lesieli," Setaleki alimkatiza, ameweka mkono kifuani, "jana tu nilikuwa namwambia mama watoto: katika wote hawa, mwanamke asiye na tamaa ni Lesieli. Mwingine angeshaanza kunisumbua."

Akamfunga kufuli kwa sifa. Alirudi kwenye maboga yake masikio yanawaka, na Fane akamtazama tu na kutikisa kichwa.

Wiki ya tano mwenye duka alimfungia mkopo. Hakumtukana, alisema tu kwamba mchele una mwisho na yeye pia ana watoto. Lesieli alitoka dukani hapo moja kwa moja, bila kupita nyumbani, moyo usije ukapoa. Alimkuta Setaleki juu ya trekta.

"Nataka hela yangu," alisema. Aliisema vibaya, bila 'samahani', bila 'mzee wetu'. "Wiki tano. Nataka hela yangu."

Setaleki alizima trekta. Ule ucheshi wote ulimtoka usoni, akabaki mtu mwingine kabisa.

"Kiasi gani?"

Lesieli akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Unaona? Hujui. Mimi nilikuahidi kiasi gani? Kuna karatasi tuliandikiana? Mimi nimekulisha, nimewalisha watoto wako, kila Jumamosi chakula kinatoka kwangu. Unataka kwenda kunishtaki mjini, nenda. Watakuuliza karatasi." Kisha akajirudi, akalainisha sauti. "Hela ipo, dada. Ila nimeifunga kwa ajili ya misinale. Mwaka huu nyumba yangu inataka kuweka elfu sita, kanisa halijawahi kuona. Ikipita misinale, tutaelewana."

Aliyasema hayo bila haya, na kibaya zaidi ni kwamba hakuona haya kwa sababu hakuona kosa. Setaleki si mtu wa kuiba kuku wa jirani. Akiokota pochi njiani ataitangaza kanisani. Lakini kwake yeye hela iliyo mfukoni mwake ni yake, imefikaje huko ni habari nyingine, na ikienda kwa Mungu inakuwa imesafishwa. Watu wa namna hiyo ni wagumu kuliko wezi. Mwizi angalau anajua.

Lesieli aliwasimulia wenzake bandani.

"Kwa hiyo sisi," Fane alisema, "ndio tunampelekea sadaka yake."

"Twende mjini," alisema mmoja.

"Ukaseme nini? Uliajiriwa kwa mkate?"

Wakainama, wakaendelea kufuta maboga. Meli ilipopakia na banda kubaki tupu, wiki saba zilikuwa zimepita, na hakuna aliyeona hata senti.

Jumamosi ya kuamkia misinale, Bibi Ma'ata aliuliza. Alikuwa hajawahi kuuliza. Alikuwa anakunja nguo za watoto kwa kupapasa, akasema bila kuinua uso, "Ya kesho tunayo?"

"Tunayo, mama," alisema Lesieli.

Ulimtoka tu, uongo ule, na ulipotoka haukurudi. Akaenda nje akakaa kwenye ngazi. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kumkopa Fane, ambaye hana. Alimchukia Setaleki, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alimchukia na Penisoni kwa kufa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Wanawake wamevaa mikanda yao ya kusukwa, wanaume mikeka, na nyuma ya kanisa mashimo ya karamu yalishaanza kufuka moshi. Bibi Ma'ata alitaka wakae mbele. Setaleki alisimama kando ya meza na miwani yake ya kusomea, koti jeusi limetuna upande mmoja mahali bahasha ilipokaa. Nyuma yake mchungaji, mzee mwenye usingizi mwepesi, amefumba macho kitini kama kawaida yake kila misinale. Nyumba zikaitwa. Mia tatu. Mia nne na hamsini. Elfu moja, na watu wakasema ahsante kwa sauti.

"Nyumba ya marehemu Penisoni."

Kwaya ikaanza. Mtu asiye na kitu hubaki ameketi, na jina lake husomwa "bado", na wiki ijayo analeta kimya kimya. Lesieli alilijua hilo. Lakini mkono wa bibi ulikuwa juu ya goti lake, ukimsukuma taratibu kwa fahari, nenda, nenda. Akasimama. Akatembea mpaka mezani, akaweka mikono yake miwili juu ya kitambaa cheupe, viganja wazi, havina kitu.

Setaleki alitabasamu kwa ajili ya kanisa na kunong'ona kwa ajili yake. "Bahasha iko wapi, dada?"

"Unayo wewe."

Tabasamu halikuondoka, liligandia tu. "Lesieli. Si hapa."

"Hapa ndipo ulipoita jina."

"Rudi ukakae. Nitasoma ishirini, nitakuwekea mimi mwenyewe."

Nadhani ni hiyo ishirini. Angemwambia rudi tu, pengine angerudi. Lakini kumkopesha ishirini kutoka kwenye hela za Lesieli mwenyewe, tena kwa huruma, hilo lilimpanda kichwani.

"Soma kilicho changu," alisema. "Mimi sina haraka."

Na hakusogea. Kwaya ilimaliza ubeti wa mwisho, ikatazama mezani, haikusikia kiasi, ikarudia wa kwanza. Ingefanya nini? Haijawahi kunyamaza kabla ya kiasi. Ikafika mwisho tena, ikarudia tena. Wenye tarumbeta walianza kubadilika rangi. Mmoja wao, bwana mrefu mwenye mashavu makubwa, alikuwa akimtazama Setaleki kwa macho ya kumwomba. Watu wakaanza kugeukiana, na huko mbele mke wa Setaleki alikuwa akikagua viatu vyake.

"Utaniaibisha," Setaleki alinong'ona.

"Nimeshaaibika mimi. Mwaka mzima. Si kifo."

Hapo benchi moja la katikati likalia. Fane aliinuka. Hakuitwa, nyumba yake ilikuwa bado kabisa, lakini alikuja na mwili wake wote akasimama kando ya Lesieli na kuweka mikono yake mezani.

"Na mimi changu unacho wewe," alisema, si kwa kunong'ona, maana Fane hajui kunong'ona.

Akaja wa tatu. Wa nne na wa tano wakaja wameshikana mikono. Mikono kumi mitupu juu ya kitambaa cheupe, yote ina alama za vikonyo vya maboga.

Mchungaji alifumbua macho. Aliinua kidole kimoja, na kwaya, kwa mara ya kwanza tangu kanisa lijengwe, ikanyamaza kabla ya kiasi. Bwana wa tarumbeta alikaa chini kama gunia.

"Kuna nini?"

"Ni jambo dogo la kazi, mchungaji," alisema Setaleki. "Tutalimaliza nje."

"Wanataka nini?"

"Hatukuandikiana kitu, mchungaji."

"Sikuuliza mmeandikiana nini. Nimeuliza wanataka nini."

Setaleki akasafisha koo. Ile sauti yake nzuri ilikuwa imekwenda matembezini. "Mshahara."

"Walifanya kazi?"

"Walifanya."

"Wiki ngapi?"

"Saba," walisema wanawake watano kwa pamoja, vizuri kuliko kwaya.

Mchungaji aliwaza kidogo. "Mabanda mengine yanalipa kiasi gani?"

Hakuna aliyetegemea jibu, lakini lilitoka nyuma, kwa yule bwana wa tarumbeta, akiwa bado anahema. "Mia na hamsini kwa wiki, mchungaji. Mke wangu yuko banda la barabara kuu." Akapumua. "Wanalipwa Ijumaa."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo. Mchungaji alikuwa anamtazama Setaleki, wala hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu ili waondoke.

Angeweza kukataa, na hilo lisemwe. Hakukuwa na askari pale wala hakimu. Angeweza kuchukua koti lake na kwenda kwenye kanisa la mtaa wa pili, ambako wangempokea kwa nderemo yeye na elfu sita zake. Lakini alikuwa amezaliwa katika mabenchi yale, na baba yake alisoma majina yale yale kabla yake. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Akaingiza mkono kotini, akatoa bahasha, akaiweka mezani.

Wahesabuji wakahesabu. Elfu na hamsini kwa kila mwanamke, mara tano, na rundo la Setaleki likapungua mbele ya macho yake. Mhesabuji mmoja alichukua fungu la kwanza akataka kulitia moja kwa moja kwenye sinia la matoleo, kwa jina la Penisoni.

"Hapana," alisema mchungaji. "Mshahara wa mtu si sadaka mpaka upite mkononi mwake kwanza. Mpe."

Basi akapewa. Elfu moja na hamsini. Lesieli hakuwahi kushika hela nyingi hivyo kwa mara moja, na zilikuwa nzito, za karatasi lakini nzito. Kwaya ikavuta pumzi kungoja. Kanisa zima lilijua kitakachofuata, na yeye pia alikijua. Ndicho alichokiota mwaka mzima akiinama na kuinuka na maboga. Ataziweka zote. Setaleki atasoma elfu na hamsini, maradufu ya Penisoni mwenyewe katika miaka yake mizuri, na watu watasema ahsante kwa sauti.

Akiwa amesimama pale na hela mkononi alizikumbuka zile mia tano za Penisoni. Alikumbuka zilikotoka. Kila mwaka zilitoka kwa binamu, kwa mwenye duka, kwa mkopeshaji wa mjini, na kila mwaka baada ya misinale ni yeye Lesieli aliyekaa na kugonga magome ya miti yawe nguo za kuuza mpaka mwaka mpya ili kulipa. Hakumwambia mtu hata siku moja. Bibi Ma'ata alikuwa akimsifu mwanawe kwa mkono wake mpana wa kutoa, na Lesieli alikuwa anaitikia, ndiyo mama, alikuwa mpana kweli. Sasa kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na hela isiyokopwa kwa mtu, na hasira na furaha zikamjia pamoja, asijue ipi ni ipi.

Akahesabu mia moja. Akaziweka kwenye sinia. Zilizobaki akazikunja, akafunga vidole juu yake, na mkono ukaondoka mezani.

Hapo hata watoto walinyamaza. Meza ile watu wameijia na hela tangu enzi za babu zetu. Kuondoka na hela, hajawahi kuonekana mtu. Lesieli alikisikia kile kimya, kile kile cha mwaka jana, anakijua vizuri. Akakisubiri kimwume. Kiliuma kidogo, kikaisha.

"Nyumba ya marehemu Penisoni," Setaleki alisoma. "Pa'anga mia moja."

"Ya Lesieli," alisema Lesieli.

Setaleki akamtazama juu ya miwani.

"Penisoni hakufuta maboga. Nyumba ya Lesieli."

Akasoma upya. "Nyumba ya Lesieli. Pa'anga mia moja."

Fane naye aliweka mia moja, akazitia zilizobaki kifuani bila kugeuka kuangalia nani anatazama. Wa mwisho kati ya wale watano aliweka hamsini, akapiga moyo konde, akaongeza kumi. Nyumba ya Setaleki kwa desturi husomwa mwisho, na aliisoma mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kuisoma: mia saba na hamsini. Ni kiasi cha heshima kabisa kwa mtu aliyetoa cha kwake.

Kwenye karamu alimjia Lesieli, sahani mkononi, akasimama pembeni kama mtu anayengoja zamu.

"Ardhi ya mavuno ya pili nimeshailima," alisema. "Utakuja?"

"Kwa ngapi?"

Alimeza mate. "Mia na hamsini."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Nitakuja. Lakini usiniletee mkate."

Bibi Ma'ata alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, chakula hajakigusa. Lesieli aliona kumfuata pale ni kazi kuliko kwenda mezani. Aliketi karibu naye, akaanza kusema samahani, kwa ule uongo wa jana, na kwa jina la Penisoni, na asijue aanze na lipi. Bibi alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata ule mkono uliofunga hela, akaubonyeza bonyeza kupima unene.

"Ni mia kweli umeacha pale?"

"Mia, mama."

"Nyingi hiyo," alisema bibi, akavuta sahani yake. "Zile mia tano za mwanangu zote zilikuwa za kukopa."